Gari na Familia: Feni ya Umeme na Fyuzi Iliyosahauliwa

Jumamosi iliyopita jirani yangu alinibishia hodi asubuhi na mapema, kwapani amebana feni ya umeme aliyoinunua Gerezani siku moja kabla. Feni hiyo ilikuwa imetolewa katika gari jingine lililokwisha kukatwakatwa, na bei yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya kumwokota. Jirani huyu ana pikapu ya zamani, Datsun ya miaka ya 1970, ambayo kila alfajiri humpeleka mkewe sokoni na matenga ya nyanya na mchicha. Katika miezi hii ya joto pikapu hiyo imeanza kuchemsha njiani, na mara mbili bidhaa zimefika sokoni wakati wanunuzi wamekwisha kurudi makwao.

“Jirani,” aliniambia, “wewe nionyeshe tu waya upi uende wapi. Kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimemaliza.”

Nilimkaribisha kiti, nikamwomba anywe chai kwanza. Sikufanya hivyo kwa ukarimu peke yake. Nilitaka asikie habari ambayo kwa muda mrefu nimekuwa nikiona haya kuisimulia, na kwa kuwa yeye nimekwisha kumsimulia, haifai nikufiche wewe msomaji.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na Corolla ya mwaka 1982. Nayo ilikuwa ikichemsha, nami nilinunua feni ya umeme kama alivyofanya jirani yangu. Niliifunga mwenyewe. Waya niliutoa moja kwa moja kwenye betri, nikaupitisha kwenye tundu la bati hadi chini ya dashibodi, nikautia swichi ndogo ya taa, kisha nikaurudisha mbele hadi kwenye feni. Fyuzi sikuweka. Nilijiambia kwamba nitaiweka wiki itakayofuata. Feni ilizunguka, gari likapoa, nami nikajiona fundi.

Wiki itakayofuata ilipita, na nyingine nyingi zikapita. Jioni moja ya Jumapili tulikuwa tukirudi kutoka Kibaha, mimi na mke wangu mbele, wajukuu wawili nyuma wakiwa wamelala. Tulipofika Mbezi foleni ilisimama, nikaiwasha feni. Haikupita dakika tano mke wangu akauliza kama ninasikia harufu ya mpira unaoungua. Kabla sijamjibu, moshi mweupe ulitoka chini ya dashibodi na kujaa ndani ya gari. Nikazima ufunguo. Moshi haukukoma, kwa sababu waya ule haukupitia kwenye ufunguo wala penginepo; ulitoka betri moja kwa moja. Nikajaribu swichi, lakini ilikuwa imeyeyuka. Mke wangu alimvuta mjukuu mmoja kwa mkono na mwingine kwa shati hadi kando ya barabara, nami nilifungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa spana namba kumi ambayo, kwa bahati, ilikuwa mfukoni mwa mlango. Spana hiyo ndiyo iliyotuokoa. Laiti ingekuwa nyumbani, gari lingeteketea lote, na kama mlango mmoja wa nyuma ungekuwa mgumu kufunguka, kama milango ya magari ya zamani ilivyo, sithubutu kufikiri zaidi.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa kipande cha bati chenye bei ndogo kuliko chupa ya soda.

Jirani aliposikia hayo aliiweka feni yake sakafuni, na hapo ndipo tulipoanza mazungumzo ya maana. Nitayarudia hapa kwa utaratibu, kwa sababu wenye magari ya zamani miongoni mwetu ni wengi, na maduka yenye feni za bei nafuu nayo ni mengi.

Jambo la kwanza ni kuuliza kama gari lako linahitaji feni ya umeme hata kidogo. Magari mengi ya zamani yana feni inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Injini ikienda mbio, feni nayo huenda mbio. Injini ikizunguka polepole, feni nayo huzunguka polepole. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, kwani katika foleni, wakati ambapo hakuna upepo wa mwendo, ndipo feni inapofanya kazi kidogo kabisa. Aidha, barabarani mahali penye upepo wa kutosha, feni hiyo huendelea kuzunguka na kula nguvu za injini bila ya faida. Watengenezaji wenyewe waliliona jambo hili zamani. Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, lilikuwa na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme, ikizunguka maji yanapopata moto na kuachiwa yanapopoa.

Lakini feni ya umeme si dawa ya kila homa. Liangalie gari lako linachemsha wakati gani. Ikiwa linachemsha katika foleni tu, au linapopanda mlima polepole, na likishika mwendo linapoa, basi yumkini upungufu ni wa hewa, na feni itasaidia. Bali ikiwa linachemsha katika barabara iliyonyooka, kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa, hewa ipo tele na hakuna feni itakayokuokoa. Hapo hapana budi kutafuta ugonjwa kwingine: rejeta iliyoziba, themostati isiyofunguka, pampu ya maji iliyochoka, mkanda uliolegea, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Nilimwuliza jirani swali hilo. Alifikiri kidogo, kisha akakiri kwamba pikapu huchemsha foleni na hata njia ikiwa wazi. Basi tulikwenda kwake, tukaiwasha injini hadi ikapata moto, tukaizima, nami nikapitisha kiganja mbele ya mapezi ya rejeta, kwa uangalifu, bila kuyagusa panapochoma. Juu palikuwa pa moto. Chini, upande wa kushoto, palikuwa baridi kama mtungi. Maana yake ni kwamba maji hayapiti hapo. Mirija imeziba kwa kutu na chokaa ya miaka mingi ya maji ya bomba na ya kisima. Rejeta ilitolewa siku ile ile ikapelekwa kwa fundi wa rejeta kufunguliwa na kusafishwa. Kama tungeifunga feni bila kutazama, jirani angetumia fedha mara mbili, na mama angeendelea kuuza nyanya zilizonyauka.

Hapa nitoe onyo moja kwa kila mtu wa nyumbani, mwenye leseni na asiye nayo. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto. Maji ya kawaida huchemka katika nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima yamebanwa kwa shinikizo, hata yanaweza kufika karibu nyuzi 118 bila ya kuchemka. Ukifungua, shinikizo huondoka na maji hulipuka papo hapo kuwa mvuke. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Jambo la pili ni kufahamu namna feni inavyokula umeme. Feni ya kawaida ya inchi 12 au 14 hutumia yapata ampea 8 hadi 15 inapozunguka, na kwa nukta chache inapoanza huweza kuvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Linganisha na taa mbili kubwa za mbele, ambazo kwa pamoja hutumia karibu ampea 10. Swichi ndogo ya dashibodi haikuumbwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Ikiwa viungo vya swichi vimechakaa na kuwa na kipingamizi cha omu moja ya kumi tu, ampea 12 zikipita hapo zitazalisha joto la wati 14 na zaidi. Hilo ni joto la pasi ndogo ya kuchomelea risasi, nawe umelifungia ndani ya plastiki karibu na magoti yako. Ndivyo swichi yangu ilivyoyeyuka.

Kwa sababu hiyo hutumika rilei. Rilei ni swichi kubwa inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme mdogo. Ndani yake mna koili ambayo hula sehemu ndogo tu ya ampea moja. Koili ikipata umeme hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, na kipande hicho huunganisha njia ya umeme mkubwa. Hivyo umeme mkubwa hubaki mbele karibu na betri na feni, na ndani ya gari huingia waya mwembamba wenye umeme mdogo.

Chini ya rilei za magari huandikwa namba, nazo ni zile zile karibu katika rilei zote za namna hii: 30, 85, 86 na 87. Zishike kama unavyoshika namba ya nyumba yako. Njia zake ni hizi.

Namba 30 hupokea umeme kutoka upande chanya wa betri, lakini kwa kupitia fyuzi. Namba 87 huupeleka umeme huo kwenye feni. Waya wa pili wa feni huenda kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, au moja kwa moja kwenye upande hasi wa betri. Namba 86 hupata umeme mdogo kutoka kwenye waya ulio hai wakati ufunguo umewashwa tu, nao uwe na fyuzi yake ndogo. Namba 85 huenda kwenye swichi ya joto, na swichi ya joto huenda kwenye bodi. Maji yakipata moto, swichi hiyo hufunga njia, koili hupata nguvu, na feni huzunguka yenyewe bila dereva kukumbuka chochote.

Rilei nyingine zina mguu wa tano ulioandikwa 87a. Mguu huo huwa na umeme wakati rilei imelala. Ukiufunga feni hapo, itazunguka mchana na usiku, na betri ya ampea-saa 45 itakwisha kabla usiku haujafika nusu. Uache mtupu, uufunike.

Ukipenda kuwa na swichi ya mkono kwenye dashibodi, toa waya mwembamba kutoka namba 85, uupitishe kwenye swichi hiyo na kuupeleka bodini. Hivyo swichi ya joto ikifa njiani, unaweza kuiwasha feni kwa mkono na kufika nyumbani.

Jambo la tatu ni fyuzi yenyewe. Watu wengi hudhani fyuzi huwekwa ili kuilinda feni. Sivyo. Fyuzi huulinda waya, na kwa kuulinda waya humlinda mtu. Betri ya gari ni ya volti 12 tu, nasi humwona mtoto akiigusa bila kudhurika, tukaidharau. Lakini waya wake ukigusa bodi, betri hiyo hiyo huweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na waya huwa mwekundu kama kaa la moto. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi shibiri moja au mbili, kwani kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Ukubwa wake nao una kipimo. Iwe kubwa kuliko mahitaji ya feni, ili isikatike feni inapoanza, na iwe ndogo kuliko uwezo wa waya. Feni inayokula ampea 10 au 12 yatosha fyuzi ya ampea 20, na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 au zaidi. Feni kubwa zaidi, inayohitaji fyuzi ya ampea 30, ipewe waya wa milimita za mraba 4. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, kwa kuwa mtikisiko wa gari huukata. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi. Na fyuzi ikikatika, usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kipande cha waya. Ilikatika kwa kuwa ina neno la kukuambia. Tafuta neno hilo.

Jambo la nne ni ufungaji. Usiifunge feni kwa vijiti vya plastiki vinavyopita kati ya mapezi ya rejeta. Vitasuguana na mirija, na siku moja utakuta maji chini ya gari. Tengeneza fremu ya chuma bapa inayoshikwa na bolti za rejeta. Feni ikikaa nyuma ya rejeta ivute hewa kuelekea kwenye injini. Ikikaa mbele, isukume hewa kuelekea huko huko. Ukigeuza nyaya, feni nyingi zitageuka upande wa kuzunguka, lakini panga zake zimepindwa kwa upande mmoja, hivyo nguvu itapungua sana. Ukiiondoa feni ya zamani usiutupe mkanda, maana ndio unaozungusha pampu ya maji na alteneta. Angalia pia bolti zilizokuwa zikishika feni. Bila feni huwa ndefu mno, nazo zinahitaji pete za chuma au kubadilishwa kwa fupi.

Swichi ya joto ichaguliwe kwa kufuata themostati. Themostati za magari mengi hufunguka katika nyuzi 82 au 88. Swichi ya feni iwashe juu ya hapo, mathalani nyuzi 92 au 95, la sivyo feni haitapumzika kamwe. Ikiwa swichi inafungwa katika kiungio cha chuma kilichokatwa katikati ya mpira wa rejeta, kumbuka kwamba mpira haupitishi umeme. Kiungio hicho lazima kipewe waya wake wa kwenda bodini. Wengi wamehangaika siku nzima kwa kulisahau jambo hilo dogo.

Na kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvalishwe mpira. Bati ni kisu kinachokata polepole.

Mwisho, jiulize kama alteneta ina uwezo. Gari la zamani lenye chaji ndogo, likiwa kwenye foleni usiku na taa, waipa na feni vyote vinafanya kazi, huweza kutumia zaidi ya linachozalisha, kwani alteneta haitoi nguvu zake zote injini inapozunguka polepole. Mpe fundi umeme apime chaji kabla na baada.

Jumapili alasiri rejeta ilikuwa imerudi, mirija yote wazi. Tulianza kazi kwa kuondoa kichwa hasi cha betri. Binti wa jirani, anayesoma ufundi wa umeme, ndiye aliyezisoma namba za rilei, kwa sababu macho yetu sisi wazee yalihitaji miwani tuliyoiacha ndani. Tulipokwisha, tuliwasha injini na kusubiri. Nilishika ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya rejeta. Sindano ya joto ilipanda, ikapita katikati kidogo, kisha feni ikaanguruma yenyewe na ukurasa ukanaswa kwenye wavu wa mbele kana kwamba umegundishwa. Baada ya dakika chache feni ikanyamaza, ukurasa ukaanguka. Tuliugusa waya mkubwa baada ya mizunguko mitatu: ulikuwa vuguvugu, si wa kuchoma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mama mwenyewe alikuja kutazama, akauliza ile kidude chekundu karibu na betri ni nini. Binti akamjibu kwamba ndiyo fyuzi, na kwamba waya ukipata matatizo hiyo ndiyo itakayokufa kwanza. Mama akasema, “Basi inunuliwe na ya pili, iwekwe akiba.” Jirani alicheka, lakini alitoka kwenda dukani muda ule ule. Nami nilimpa zawadi moja tu, spana namba kumi, nikaitia mwenyewe katika mfuko wa mlango wa dereva.

Ikiwa gari lako lina feni iliyofungwa na mtu mwingine, leo kabla jua halijatua fungua boneti, uufuate ule waya kutoka betri kwa kidole. Usipokuta fyuzi katika shibiri ya kwanza, kichwa cha betri kitoke, na gari lisiende popote hadi iwekwe.

Juma lijalo tutazungumzia breki zinazovuta upande mmoja.